SOMO LA WIKI: Klachi ya Datsun 240Z – pima kwanza, lipa baadaye



Kwa kawaida ukurasa huu huzungumzia bidhaa zinazotoka haraka, zile ambazo mfanyabiashara akizileta Jumatatu anategemea kuhesabu fedha yake kabla ya Ijumaa. Wiki hii tunaingia katika kona ndogo ya soko la vipuri. Wateja wa kona hii ni wachache, lakini wakipata kitu sahihi hulipa bila kubishana sana. Nayo ni kona ya spea za magari ya michezo ya zamani.

Hatuwezi kuyagusa magari yote katika somo moja. Tumechagua gari moja, Datsun 240Z, na spea moja, klachi. Gari hili lina historia katika nchi zetu. Na klachi yake ina mtego mmoja ambao umekula faida za wauzaji wengi na kuwafanya mafundi wema waonekane wababaishaji. Ukiuelewa mtego huo, utaelewa namna ya kufanya biashara ya spea za gari lolote la zamani.

Jambo lenyewe kwa ufupi ni hili: klachi ya gari hili hainunuliwi kwa jina la gari wala kwa mwaka wake. Hununuliwa kwa vipimo vya vipande vinavyooana.

KWA NINI GARI HILI

Datsun 240Z ilionekana kwanza nchini Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, na mwaka 1970 ikaanza kuuzwa nje. Ina injini ya silinda 6 iitwayo L24, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393. Toleo la 240Z liliendelea hadi 1973, kisha zikafuata 260Z na 280Z, na baadaye 280ZX. Za 240Z peke yake zilitengenezwa zaidi ya 150,000, na nyingi kati ya hizo zilikwenda Marekani.

Wazee wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hawahitaji kuambiwa habari za gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki wakiwa na 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia ushindi huo kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka huo Mehta alilingana alama na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine, na Mehta ndiye akapewa ushindi. Tangu 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na magari ya ukoo huu wa Z yameonekana humo.

Kwa upande wa fedha, mwaka 1997 kampuni ya Nissan nchini Marekani ilianza kununua 240Z chakavu, kuzitengeneza upya na kuziuza kwa takriban dola 25,000 kila moja. Watu wengi waliona bei hiyo ni kubwa mno kwa gari kuukuu. Januari 2020, 240Z moja ya mwaka 1971 iliyotunzwa vizuri sana iliuzwa kwenye mnada nchini Marekani kwa dola 310,000. Hiyo si bei ya kawaida, na asije mtu akakudanganya kwamba kila Z iliyolala chini ya mwembe ina thamani hiyo. Lakini inaonyesha kwamba wenye magari haya wana sababu ya kuyatunza, na kwa hiyo wana sababu ya kununua spea.

KLACHI INAVYOFANYA KAZI

Muuzaji asiyejua kazi ya spea anayoiuza hufuata maneno ya mteja tu. Mteja akikosea, naye hukosea. Kwa hiyo tuanze na msingi.

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, lililofungwa kwenye krankishafti. Juu ya flaiwili hukaa klachi pleti, ile sahani yenye bitana pande zote mbili na tundu lenye meno katikati. Meno hayo huingia kwenye shafti ya giaboksi. Juu ya klachi pleti hufungwa presha pleti kwa boliti zinazoingia kwenye flaiwili. Presha pleti ina springi ya sahani yenye vidole vinavyoelekea katikati. Springi hiyo ndiyo inayoibana klachi pleti dhidi ya flaiwili, na nguvu ya injini ikapita kwenda kwenye giaboksi.

Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta hadi silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Silinda hiyo ina ufito unaosukuma foku. Foku nayo husukuma beringi ya klachi, ambayo hukandamiza vile vidole vya presha pleti. Springi hulegeza mbano wake, klachi pleti huwa huru, na dereva hubadili gia.

Sasa angalia vizuri hapo foku inapokutana na beringi. Foku haiigusi beringi yenyewe. Beringi imeshindiliwa juu ya bomba fupi la chuma lenye masikio mawili, na foku hushika masikio hayo. Bomba hilo mafundi wetu huliita kola. Ni kipande kidogo, kinaenea kiganjani, na hakichakai haraka. Somo letu lote linazunguka kwenye kola hii.

MTEGO WENYEWE

Katika miaka ya 240Z hadi 280ZX, kiwanda kilitumia presha pleti za aina zaidi ya moja. Magari ya viti viwili kwa kawaida yalikuwa na klachi ya kipenyo cha milimita 225. Baadhi ya matoleo ya baadaye, hasa ya viti vinne na yale ya turbo, yalipewa klachi ya milimita 240. Hata miongoni mwa zile zenye kipenyo kimoja, urefu wa presha pleti kutoka flaiwili hadi kwenye vidole haukuwa mmoja.

Giaboksi haikuhama. Foku ilibaki mahali pale pale, na mwendo wake ni mfupi. Kwa hiyo kiwanda kilirekebisha tofauti kwa kola: presha pleti ndefu ikapewa kola fupi, na presha pleti fupi ikapewa kola ndefu. Jumla ya viwili hivyo ndiyo iliyobaki ileile.

Kanuni ambayo mafundi wa magari haya wanaitumia ni kwamba klachi ikiwa imefungwa kwenye flaiwili, na beringi pamoja na kola yake vimekaa juu ya vidole, umbali kutoka uso wa flaiwili hadi pale foku inaposukuma masikio ya kola uwe yapata milimita 92. Kipimo hicho ndicho kinachoiweka foku mahali panapofaa.

Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme presha pleti iliyofungwa inaiweka beringi mahali ambapo kola inatakiwa kuongeza milimita 42 ili kufika 92. Fundi akiweka kola inayoongeza milimita 34, atapata 84. Ufito wa silinda ndogo utatoka nje kupita kiasi, foku itafika mwisho wa mwendo wake, na klachi haitaachia. Gia zitakwaruza, na wakati mwingine kipande cha ndani cha silinda kitachomoka na mafuta yote kumwagika.

Akikosea upande wa pili, akaweka kola ndefu kwenye presha pleti ndefu, jumla itazidi 92. Beringi itakandamiza vidole hata pedali ikiwa juu. Klachi haitabana sawasawa, itateleza mlimani, bitana zitaungua, na klachi mpya itakwisha kabla mteja hajamaliza kulipa deni.

Mtego unakamilika kwa sababu moja zaidi. Seti nyingi za klachi zinazouzwa huja na vipande vitatu: klachi pleti, presha pleti na beringi. Kola haimo. Kiwanda cha seti kinategemea kwamba utatumia ile ya zamani. Fundi asiyejua huitupa kola ya zamani pamoja na beringi yake mbovu. Halafu anakuja dukani kuomba "kola ya 240Z", na muuzaji anampa kola yoyote aliyoandikiwa kuwa ya 240Z, bila kuuliza imeoanishwa na presha pleti gani.

YALIYOMPATA MWANDISHI

Siandiki haya kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza seti ya klachi ya Z kwa ajili ya mteja aliyekuwa akiliandaa gari lake kwa safari ndefu. Nililipa kwa fedha za kukopa, nikiwa na hakika ya faida. Muuzaji wa ng'ambo aliniambia seti ile inaingia magari yote ya Z. Sikumwuliza swali hata moja.

Fundi alifunga. Pedali ikakanyagwa, gari halikuingia gia. Tukadhani ni hewa kwenye mafuta, tukatoa hewa mara tatu. Tukadhani ni masta silinda, tukabadilisha masta silinda. Kisha giaboksi ikashushwa tena, tukakuta kila kitu ni kipya na kizuri. Ikarudishwa, na hali ikawa ileile. Ni mzee mmoja wa gereji ya jirani, aliyekuwa amekuja kuazima jeki, aliyeuliza swali moja: "Kola ile ya zamani mmeiweka wapi?" Ilikuwa kwenye pipa la vyuma chakavu. Tulipoweka kola mbili sambamba juu ya meza, tofauti ilionekana kwa macho.

Giaboksi ilishushwa mara tatu kwa kazi ya mara moja. Masta silinda ilibadilishwa bure. Mteja alichelewa safari yake. Gharama zote hizo nilizilipa mimi, na ndivyo ilivyostahili, kwa sababu mimi ndiye niliyeuza.

GARI LA ZAMANI HALISEMI UKWELI

Mfanyabiashara anaweza kusema: basi nitatazama namba ya chesisi, nitajua ni gari gani, nitaagiza klachi yake. Ni mwanzo mzuri. Namba inayoanza na HS30 ni ya 240Z yenye usukani wa kulia. RS30 ni ya 260Z ya usukani wa kulia, na GRS30 ni ya 260Z ya viti vinne. HLS30 ina usukani wa kushoto.

Lakini chesisi haikuambii kilichofungwa ndani. Injini za ukoo huu, L24, L26 na L28, zinafanana kiasi kwamba mafundi wamezibadilishana kwa miaka 50. Giaboksi nazo zimehama. 240Z unayoiona inaweza kuwa na injini ya L28, flaiwili ya gari la viti vinne na giaboksi ya gear tano kutoka gari la miaka ya themanini. Mwenye gari wa sasa anaweza kuwa mmiliki wa saba, naye hajui.

Flaiwili ya klachi ya milimita 240 na ile ya milimita 225 hazina mpangilio mmoja wa matundu ya boliti. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye kola, presha pleti inaweza kukataa kukaa. Na usikubali kabisa maneno "hii ni ya Datsun, itaingia". Klachi ya Datsun ndogo ya familia, kama 120Y, ni ndogo mno kwa injini ya silinda 6, hata kama sanduku lina jina lilelile.

JIFUNZE KUSOMA NAMBA YA SPEA

Hapa ndipo mfanyabiashara anapoweza kumzidi mwenzake bila kuongeza mtaji. Namba za spea za Nissan zina tarakimu na herufi 10, zilizogawanywa mara mbili. Tano za mwanzo hueleza ni kipande gani. Tano za mwisho hueleza ni cha toleo gani. Kwa klachi, kariri hizi:

30100 ni klachi pleti.
30210 ni presha pleti.
30501 ni kola.
30502 ni beringi ya klachi.
30610 ni masta silinda ya klachi.
30620 ni silinda ndogo ya ubavuni mwa giaboksi.

Mtu akikuletea sanduku la zamani linaloanza na 30502 akasema ni beringi pamoja na kola, utajua mara moja kwamba kola haimo, au imeongezwa na mtu mwingine. Ukiona masanduku mawili yote yanaanza na 30501 lakini tano za mwisho zinatofautiana, hizo ni kola mbili tofauti. Usizichanganye kwenye rafu moja. Andika vipimo vyake juu ya sanduku kwa kalamu ya wino.

Jina la mtengenezaji nalo lina historia yake. Masanduku ya zamani ya klachi za Kijapani yaliyoandikwa Daikin na mapya yaliyoandikwa Exedy ni ya kampuni moja. Jina lilibadilika mwaka 1995. Kwa hiyo mteja akikataa Exedy kwa madai kwamba anataka "Daikin halisi", unaweza kumweleza kwa upole, ukauza.

HATUA SITA KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Subiri giaboksi ishushwe. Klachi ya gari la zamani isiagizwe gari likiwa bado limefungwa, isipokuwa kama mwenye gari ana kumbukumbu za kuaminika za kazi ya mwisho. Mwambie mteja ukweli kwamba gari litakaa bila klachi kwa muda. Atakasirika leo, atakushukuru baadaye.

2. Pima kipenyo cha klachi pleti ya zamani, na tazama matundu ya boliti kwenye flaiwili. Hapo utajua kama ni 225 au 240.

3. Hesabu meno ya katikati ya klachi pleti, na ulinganishe na shafti ya giaboksi iliyopo. Klachi pleti mpya iteleze juu ya shafti kwa mkono, isikwame wala isicheze.

4. Chukua kola ya zamani na uifunge kwa waya pamoja na karatasi yenye jina la mteja. Isitupwe. Pima urefu wake kwa venia, uandike.

5. Presha pleti mpya ikifika, ifungwe kwenye flaiwili pamoja na klachi pleti mpya, boliti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana. Weka beringi na kola juu ya vidole, pima hadi kwenye masikio. Tafuta zile milimita 92. Usipime presha pleti ikiwa imelala mezani peke yake. Vidole hubadilisha mkao vinapofungwa juu ya klachi pleti, na kipimo cha mezani kitakudanganya. Usipime pia na klachi pleti iliyokwisha, kwa sababu unene wa bitana nao hubadilisha mkao wa vidole.

6. Kipimo kikikubali, ndipo beringi mpya ikandamizwe kwenye kola kwa presi, isigongwe kwa nyundo. Klachi pleti ikae na upande wenye springi ukielekea giaboksi. Kisha giaboksi irudishwe.

Kumbuka pia silinda ndogo ya ubavuni. Magari ya mwanzo yalikuwa na ufito unaorekebishwa kwa nati na springi ya nje ya kuirudisha foku. Ya baadaye hayarekebishwi kwa nati. Fundi akichanganya vipande vya mifumo hii miwili, dalili zitafanana na za kola isiyo sahihi, naye atahangaika bure.

TAHADHARI KUHUSU SPEA ZA ZAMANI AMBAZO HAZIJATUMIKA

Utakutana na watu wanaouza spea za miaka ya sabini zikiwa bado ndani ya sanduku lake la kiwandani. Kwa vipande vya chuma kama kola, hizo ni mali. Nunua ukizipata kwa bei nzuri. Kwa vipande vya mpira, kama vifaa vya ndani vya masta silinda, ziache. Mpira uliolala miaka 50 umekufa hata kama haujatumika.

Kuhusu klachi pleti za zamani, kuna suala la afya. Bitana nyingi za miaka ile zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu yasiyotibika. Fundi asipulize vumbi la klachi ya zamani kwa mashine ya upepo wala kwa mdomo. Alowanishe na afute kwa kitambaa chenye maji, kisha kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Muuzaji mwema humwambia mteja haya hata kama yanapunguza mauzo ya siku hiyo.

HESABU YA BIASHARA

Sasa tuje kwenye fedha. Takwimu hizi ni za mfano tu, ili kuonyesha njia ya kuhesabu. Weka bei zako mwenyewe.

Tuseme seti ya klachi imekufikia dukani kwa shilingi za Kenya 40,000, pamoja na nauli, bima, ushuru na wakala wa forodha. Unaiuza kwa 52,000. Faida ni 12,000, na unaiona ni nzuri. Fundi anatoza 8,000 kushusha na kurudisha giaboksi, fedha ambayo mteja amekubali kulipa mara moja.

Kola ikikosewa, giaboksi itashushwa tena. Ikishushwa mara mbili zaidi, ni 16,000. Mteja hatalipa hiyo. Utalipa wewe au utamwachia fundi, ambaye hatakuletea mteja mwingine tena. Faida ya 12,000 imekuwa hasara ya 4,000, na bado hujahesabu siku zako.

Upande wa pili ni mtaji uliolala. Tuseme umeagiza seti tatu za vipimo tofauti ili usikosee, umeuza moja, na mbili zimekaa mwaka mzima. Kila seti iliyokaa ni 40,000. Fedha hiyo ingezungushwa kwenye filta na mikanda mara 6 kwa mwaka, kwa faida ya asilimia 8 kila mzunguko, ingeleta 19,200. Kwa seti mbili ni 38,400. Hiyo ndiyo bei halisi ya kutojua kipimo, ingawa haionekani kwenye daftari lako.

Je, njia iliyo bora ni ipi? Kwa maoni yetu, mfanyabiashara mdogo asiweke akiba ya seti kamili za magari ya namna hii. Aagize seti kwa oda, mteja akiwa ametanguliza walau nusu ya fedha, na vipimo vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi na fundi. Anachoweza kuweka akiba ni vile vidogo: kola chache za urefu tofauti, beringi chache, na bushi ya katikati ya krankishafti ambayo fundi husahau kuiagiza mpaka giaboksi ikiwa imekwisha shushwa. Kwa ujumla hivi havimezi mtaji kama seti kamili, havichukui nafasi, na siku mtu anapokuja akiwa amekwama, wewe pekee ndiye mwenye navyo.

Njia hii inawafaa hata wenye maduka makubwa ya mitaa ya spea, kama Kirinyaga Road kule Nairobi. Mteja wa 240Z hatafuti bei ya chini kabisa. Anatafuta mtu atakayemuuliza maswali sahihi. Ukimuuliza kipenyo, meno na kola, hatakwenda duka la pili.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Wapo wasomaji wetu ambao hawauzi spea, bali wananunua gari la zamani kama akiba. Kwao neno letu ni moja. Kabla ya kukubaliana bei, waombe waliendeshe gari. Washe injini, kanyaga pedali hadi chini, hesabu polepole hadi tano, kisha ingiza gia ya kurudi nyuma. Ikikwaruza, klachi haiachii. Halafu panda mlima kwa gia ya juu na ukanyage mafuta. Injini ikipanda sauti bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Katika hali zote mbili mwenye gari atakwambia ni "kurekebisha kidogo tu". Huenda ni kweli. Lakini wewe punguza kwenye bei gharama ya klachi nzima pamoja na kushusha giaboksi mara mbili. Isipofika huko, kilichobaki ni chako.

Na ukishalinunua, fungua daftari. Andika ni presha pleti gani iliyofungwa, namba yake, urefu wa kola na tarehe. Gari la zamani lenye daftari la namna hiyo huuzika kwa urahisi kuliko lenye rangi mpya na maelezo ya mdomo, kwa sababu mnunuzi anayefuata hatalazimika kubahatisha kama sisi tulivyobahatisha.

Wafanyabiashara, venia ya kupimia si ghali ukilinganisha na seti moja iliyokosewa. Inunueni, iwekeni juu ya kaunta, na kola yoyote inayoingia dukani ipimwe kabla haijapanda rafuni.

Tukutane tena wiki ijayo katika ukurasa huu.